Harufu Aliyorudi Nayo Tawakali

Nikisema kaka yangu Tawakali ni mtu wa dini, najua wapo hapa Kilwa Kivinje watakaoicheka karatasi hii kabla hawajafika mstari wa pili. Wacheke. Mimi Kazija ndiye niliyempikia, niliyemfulia, na, Mungu anisamehe, niliyelipekua sanduku lake akiwa hayupo. Wanaomsema vibarazani walimwona mara mbili tatu akipita kwenda sokoni, wakajifanya wanajua yote. Miaka minne imepita tangu tumzike Baba yetu, na mpaka leo nikienda kisimani nasikia nyuma yangu, "Nduguye yule aliyeuacha msikiti Uingereza." Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nimeona niandike mara moja, kwa herufi zetu za Kiarabu tulizofundishwa chuoni, anayetaka kusoma asome.

Baba yetu, Mzee Mfaume, alikuwa fundi wa kutia bati. Siku hizi watu wananunua sufuria nyepesi dukani, wamesahau kwamba pilau ya harusi na ya hitima ilipikwa kwenye sufuria kubwa za shaba, na sufuria ya shaba bila bati ndani yake ni sumu. Bati likichakaa, shaba hutoa kutu ya kijani, na waalikwa hurudi makwao wakitapika. Kwa hiyo kabla ya kila shughuli watu walimletea Baba sufuria zao, kutoka Tingi, kutoka Kiswere, mara nyingine hata Lindi. Ua wetu ulikuwa hauishi moshi.

Sufuria iliwekwa juu ya makaa, mvukuto ukavukutwa mpaka shaba ikabadilika rangi. Baba alinyunyiza nashadiri, unga mweupe aliokuwa akiununua dukani kwa Dawood, moshi ukapanda, halafu akagusisha mche wa bati. Bati liliyeyuka, naye akalisambaza kwa tonge la pamba, mbio mbio, kabla halijaganda. Sufuria nzima iling'aa ndani. Hapo ndipo mwanafunzi hujiona fundi, na hapo ndipo Baba alipokuwa akimngoja. Aliigonga sufuria kwa ukucha, polepole, sikio ameliinamisha, akisema, "Hapa limeshika. Hapa limeshika. Hapa limelala." Bati lililolala halikuungana na shaba. Limekaa juu yake tu, na katikati kuna nafasi nyembamba ambayo jicho haliioni. Siku ya karamu moto ukipanda, joto halipati pa kupita, na bati huvimba pale pale na kubanduka.

Tawakali alilipata sikio hilo akiwa bado mdogo. Baba alimpenda kwa sababu ni mwanawe, lakini alimheshimu kwa sababu ya lile sikio, na heshima ya Baba haikuwa rahisi kupatikana. Mwaka 1941 kaka aliandikishwa askari Lindi, akapelekwa karakana ya kutengeneza malori. Vita vikampeleka Bama, huko Asia. Vilipokwisha, akaingia kazi ya mitambo ya meli, na mwaka 1948 akashuka bandari moja ya Uingereza, akabaki huko. Mama alikuwa amekwisha kufa. Baba alisema, "Atarudi," akaendelea na sufuria zake.

Barua zilikuja. Mimi nilikuwa nimefiwa na mume na kurudi kwa Baba, basi kumsomea ikawa kazi yangu. Tawakali alipata kibarua cha kuunga mabomba ya shaba katika karakana ya chuo kikubwa, na humo mlikuwa na mtambo ambao mpaka leo naueleza kwa maneno yake, maana ya kwangu hayatoshi. Aliandika kwamba una sumaku mbili kubwa zinazotazamana kama mawe ya kusagia, kila moja nzito kuliko nyumba yetu. Kati ya sumaku hizo huzungushwa chembe ndogo zisizoonekana, zikizidi mbio kila zikizunguka, mpaka zikitoka zinapiga kwa nguvu za ajabu. Mbele yake wanaweka bamba la shaba lililopakwa madini ya kijivu yaitwayo teluri. Bamba hilo ndilo shabaha. Chembe zikiipiga teluri kwa saa nyingi, kiasi kidogo sana cha teluri hugeuka kuwa iodini, ile dawa ya vidonda tunayoijua, ila hii inatoa mionzi. Mgonjwa mwenye uvimbe wa shingo akinyweshwa, iodini inakwenda yenyewe shingoni, kwa kuwa ndiko inakokaa mwilini, na madaktari huifuata kwa chombo wakajua uvimbe ule ni wa namna gani, bila kisu.

Nilipofika mwisho Baba aliniambia nirudie. Nikarudia. Watu wawili waliokuwa barazani walisema Tawakali amewehuka na baridi. Baba hakuwasikiliza. Aliniambia, "Mwandikie. Muulize, hilo bamba haliungui?"

Jibu lilichukua karibu miezi miwili kufika, na nilipolifungua nilicheka kwa furaha. Kaka aliandika: "Baba, hakuna aliyeniuliza swali hilo ila wewe. Linaungua. Hilo ndilo linalotutesa." Chembe zile zilipopiga zilileta joto la tanuri mahali padogo kama sarafu. Nyuma ya bamba walipitisha maji baridi, lakini teluri iliyeyuka tu, ikapanda moshi, na kazi ya siku mbili ikapotea. Wahandisi walitaka kuongeza maji. Tawakali akaomba bamba lililoharibika, akaligonga kwa ukucha, akawaambia kwa Kiingereza chake cha jeshini kwamba maji hayana kosa, teluri imelala. Walimcheka. Halafu mmoja wao, bwana mwenye subira, akalikata bamba lile katikati, akalitazama kwa darubini, akaiona ile nafasi. Tangu siku hiyo kaka alitolewa kwenye mabomba akawekwa kwenye meza ya michoro, akawa anabuni shabaha.

Barua za miaka mitatu iliyofuata zilikuwa za kazi tupu. Baba alizipenda kuliko barua za salamu. Kaka alichonga mifereji myembamba kwenye uso wa bamba ili teluri ipate pa kung'ang'ania. Alipunguza unene wa shaba mpaka maji yakakaribia moto, lakini asipunguze mno, bamba lisije likatoboka na maji yakaingia mtamboni. Kisha akalilaza bamba mshazari badala ya kulisimamisha wima. Alimweleza Baba hivi: jua la saa sita linachoma, la saa kumi unaweza kukaa nalo, na jua ni lile lile, la saa kumi linakuja kwa ubavu, joto lake linaenea mahali pakubwa. Baba alichukua kifuniko cha sufuria, akakiinamisha juani uani, akatazama mwanga ukinyooka juu yake. "Amepata," alisema. Siku hiyo aliimba kaswida akifanya kazi, na Baba hakuwa mwimbaji.

Jambo moja Tawakali hakuliandika. Teluri ile aliisaga mwenyewe na kuiyeyusha mwenyewe, na vumbi lake na moshi wake vilimwingia. Anayeivuta, hata kidogo, mwili wake huigeuza kuwa harufu. Pumzi, jasho, nguo, kila kitu chake hunuka kitunguu saumu. Madaktari walimwambia akiacha kuivuta harufu itatoka, ila kwa mtu aliyeivuta miaka, ingechukua miezi mingi. Aliona haya kutuandikia.

Mwaka 1955 miguu ya Baba ilivimba na pumzi ikawa fupi. Dresa wa zahanati, Ambrosi, aliniita pembeni akaniambia moyo wa mzee umechoka, kama kuna mtu wa kuitwa aitwe. Nikampelekea kaka simu ya maandishi. Baba alipojua anakuja, alinipa fedha ya bafta, kitambaa cheupe cha kumshonea kanzu. Kanzu niliishona na kuitarizi shingo kwa mkono wangu. Baba aliiweka juu ya kasha, imekunjwa, akawa anamwambia kila aliyekuja kumjulia hali, "Sina ninaloliomba tena duniani. Ijumaa moja. Nisimame msikitini na mwanangu, bega kwa bega, watu wamwone. Basi." Msikiti uko mbele ya nyumba yetu, uwanja mdogo tu katikati. Kwa miaka kumi na minne Baba alivuka uwanja ule peke yake.

Kaka alishuka meli Dar es Salaam, akapanda lori, akateremka Nangurukuru, akafika kwetu na vumbi la njia nzima. Baba alisimama kumpokea, jambo alilokuwa hajalifanya wiki nzima. "Shikamoo Baba," kaka akasema akiwa mbali, hatua nne tano. "Marahaba mwanangu, njoo," Baba akasema, lakini kaka hakusogea. Baba ndiye aliyejikokota akamkumbatia. Nilimwona Baba akikunja pua. Jirani yetu Bi Mwahija, aliyekuwa amekuja kushuhudia, akaniambia sikioni, "Huyu kala kitunguu saumu gunia zima." Nikamwambia ni safari.

Ijumaa ya kwanza Baba aliamka akiwa na nguvu za ajabu. Akaoga, akavaa, akampa kaka ile kanzu. Tawakali aliipokea kwa mikono miwili, akairudisha juu ya kasha.

"Baba, siwezi kuingia msikitini. Nanuka."

"Unanuka thomu. Mimi nina pua. Jana ulikula, leo usile, Ijumaa ijayo tutakwenda."

"Sikula, Baba. Ni yale madini ya kazini. Yameniingia mwilini."

Hapa kwetu kila mtoto aliyepita chuoni anajua kwamba aliyekula kitunguu saumu kibichi, hiyo thomu, asiwaudhi wenzake msikitini, akae kwake mpaka harufu itoke. Mwalimu wetu alikuwa akiwarudisha watoto mlangoni kwa kuwanusa. Tawakali alilishika somo lile, na kwa sababu alilishika, akaharibikiwa. Angekuwa mtu wa kujitia hamnazo angeingia tu, akaswali, akatoka. Baba akasema, "Madini ya kunuka thomu," akaenda msikitini akishika ukuta.

Wiki ile sikutia kitunguu saumu katika chakula chochote. Niliviondoa jikoni, nikampa Bi Mwahija vyote, na hilo ndilo lililokuwa kosa langu la kwanza, maana alitangaza. Kaka alikuwa akienda kuoga baharini kila asubuhi, akijisugua mchanga mpaka ngozi inawiva, akirudi anatafuna karafuu. Ijumaa ya pili harufu ilikuwa pale pale. Ijumaa ya tatu vilevile. Barazani wakafikia neno ambalo watu wa kwingine wasingeweza hata kulifikiri: kwamba Tawakali anakula kitunguu saumu kwa siri, makusudi, ili apate udhuru wa kutoswali na wenzake. Hawakujua kwamba aliswali vipindi vitano chumbani mwake, kwa sauti ya chini, mkeka umetandikwa karibu na dirisha ambako upepo unatoka. Mimi nilijua, na bado neno lile likaniingia. Harufu ilikuwa harufu. Pua yangu ilikuwa ikiniambia kaka anadanganya.

Baba aliamini. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Hakugomba. Alipoamkiwa asubuhi alijibu "Marahaba" akitazama ukuta, na siku moja nilimsikia akimwambia Shehe Rashidi, imamu wetu, "Afadhali angeniambia tu kwamba ameacha. Mtu mzima kujificha nyuma ya kitunguu!" Tawakali alikuwa chumba cha pili. Alisikia. Alitoka kwa mlango wa uani, akarudi jioni, macho mekundu.

Kesho yake, alipokwenda baharini, nilifungua sanduku lake. Nilitafuta kila mfuko. Sikuona kitunguu. Niliona bamba la shaba, kubwa kama kiganja cha mwanamume, limefungwa kwa kitambaa cha sufu, uso mmoja una mistari myembamba iliyojazwa kitu cha kijivu kinachong'aa. Nililitoa, nikampelekea Baba, nikajiambia namwonyesha ushahidi. Wa nini, sijui. Nilikuwa nimekasirika na sikujua namkasirikia nani.

Baba aliligeuza bamba mara mbili. Nilimwona anabadilika uso. Akaketi vizuri, akaweka sikio, akaanza kugonga kwa ukucha kutoka katikati. "Limeshika," alisema. "Limeshika." Akafika pembeni. "Hapa limelala." Kisha akaniambia niwashe makaa.

Nilimwambia, "Baba, kitu cha watu." Akasema, "Washa makaa, Kazija."

Akalishika bamba kwa koleo lake la zamani, akaliweka juu ya moto, akainama juu yake kama alivyoinama juu ya sufuria maisha yake yote, pua karibu na kazi. Kwa kitambo hakukutokea kitu. Halafu pale pembeni, pale pale alipopasema, pakavimba, pakapasuka, na uzi wa moshi mweupe ukapanda usoni kwake. Baba akatabasamu. Ndipo Tawakali akaingia, nywele bado zinachuruzika maji ya chumvi, akapiga kelele ambayo sikupata kuisikia kwake, "Baba, usivute!" Akarukia, akalitoa bamba, akalitumbukiza ndooni.

Nilidhani wataanza kugombana. Baba alimwuliza tu, "Ndiyo hii shabaha?"

"Ya majaribio, Baba. Haijaingia mtamboni, haina mionzi. Ingekuwa imeingia nisingeileta humu ndani." Akalitoa bamba majini. "Nimeileta kwako. Katikati inashika, pembeni inalala, miezi minane sasa. Kila moja inabanduka pembe hiyo hiyo. Nilitaka nikuulize, lakini wewe hukutaka kuzungumza nami."

"Mnapasha moto kuanzia wapi?"

"Katikati. Ndipo teluri inapowekwa."

"Na sufuria nilikufundisha kuanzia wapi?"

Baba alikuwa akipasha ukingo kwanza. Ukingo ndio unaopoa kabla ya sehemu nyingine zote, na ukiukuta umepoa, bati linaganda juu yake kabla halijaungana. Jambo hilo Tawakali alilifanya tangu utotoni kwa mkono bila kulifikiri, na kule Uingereza, mbele ya tanuri la umeme na saa ya kupimia joto, mkono wake ulisahau. Waliketi uani wawili wao mpaka adhana ya adhuhuri, wakichora kwa makaa sakafuni. Baba aliuliza maji yanaingia wapi, yanatokea wapi, shaba ina unene gani, na kwa nini wasitie bati jembamba chini ya teluri. Tawakali alimjibu kama anavyojibiwa fundi mkuu. Nilikaa jikoni nikawasikiliza nikalia, kwa kuwa harufu ilikuwa bado ipo na Baba hakusema neno juu yake, na mimi sikujua kama amemsamehe au amesahau kwa sababu ya kazi.

Asubuhi nilimpelekea Baba uji. Alinijibu shikamoo yangu, nikarudi nyuma hatua moja. Pumzi yake ilinuka kitunguu saumu. Baba tangu juzi alikuwa amekula uji na samaki wa kuchemsha tu, tena kwa mkono wangu. Aliniona nilivyoshtuka. Akaweka kiganja mbele ya mdomo, akapumua, akakinusa. Akapumua tena, akanusa tena.

"Mwite," alisema.

Tawakali alikuja akapiga magoti kando ya kitanda. Baba alimshika kichwa kwa mikono miwili, akamvuta karibu, akamnusa nywele, shavu, shingo, kama mama anavyomnusa mtoto mchanga. "Nimekudhulumu," alisema. "Wiki tatu nimekudhulumu, na watu nimewaachia wakusengenye." Kaka akasema yeye ndiye wa kuomba radhi. Baba akasema radhi alimpa tangu kabla hajapanda meli, na leo anampa tena. Mimi nilisimama pale na kikombe cha uji, nikamwomba kaka msamaha kwa habari ya sanduku. Akaniambia, "Ungelipekua mapema, dada."

Ijumaa hiyo hakuna aliyevuka uwanja. Baba alisema na yeye sasa ana udhuru. Waliswali adhuhuri ukumbini, Baba amekaa kwa ajili ya miguu, Tawakali mbele kidogo kushoto, na sauti ya Shehe Rashidi ikija dirishani kutoka msikitini. Kaka alitaka kuivaa kanzu. Baba alimkataza. "Hiyo ina siku yake," alisema. Niliona bado anaitamani ile Ijumaa moja. Aliuliza harufu itatoka lini. Kaka alimwambia ya Baba ni ya moshi kidogo, wiki mbili hivi itakwisha; ya kwake mwenyewe, labda mwakani. Baba alihesabu kwa vidole, akatazama miguu yake iliyovimba, akaacha kuhesabu.

Tangu hapo kila asubuhi, kabla ya uji, Baba alipumulia kiganja akakinusa. Likawa kama jambo la mchezo kati yangu na yeye. "Bado," angesema, nami ningesema, "Bado, Baba." Siku moja akamwita Shehe Rashidi, wakazungumza mlango umefungwa. Shehe alipotoka alimtafuta Tawakali uani, akampa mkono, akasimama naye karibu, pua wazi, hakuugeuza uso.

Baba alifariki asubuhi ya Ijumaa, jua limekwisha kupanda, baada ya kunywa uji nusu kikombe. Alimwambia kaka, "Ukingo kwanza," na kaka akasema, "Ukingo kwanza, Baba," halafu akamsomea shahada.

Walimwosha, wakamkafini, wakatia kafuri na marashi. Mimi na Bi Mwahija na wanawake wengine tulikuwa ndani, nami nilikuwa dirishani, sikubali kuondoka. Nilijua desturi yetu: jeneza huingizwa msikitini, watu wakimaliza sala ya Ijumaa humswalia maiti humo humo. Nilimwona Tawakali amesimama kizingitini mwa nyumba yetu na moyo ukanipasuka. Jeneza lingeingia, naye angebaki nje, na mji mzima ungemwona amebaki nje.

Jeneza halikuingia. Walilitua uwanjani, kwenye mchanga, kati ya nyumba yetu na msikiti. Watu walipotoka baada ya sala wakalikuta pale, wakaanza kuulizana. Shehe Rashidi akainua mkono.

"Marehemu ameniusia mambo mawili," alisema. "La kwanza, asiingizwe msikitini. Alivuta moshi wa kazi ya mwanawe ukamwachia harufu, kama ulivyomwachia mwanawe, na hataki kuwaudhi hata akiwa maiti. La pili, aswaliwe hapa nje, na wa kumswalisha awe Tawakali."

Kaka aliingia ndani akatoka amevaa ile kanzu. Ilimkaa sawasawa. Alipita mbele ya watu wote waliomsema, akasimama kwenye jeneza la Baba, nao wakapanga safu nyuma yake, safu tano zilizofika mpaka ukuta wa msikiti. Ilikuwa Ijumaa. Sauti yake ilikatika kwenye takbira ya pili, akaipata tena, akamaliza.

Kaka alirudi Uingereza. Aliniandikia kwamba sasa wanapasha ukingo kwanza, na pembe hazibanduki tena. Watu wa Kivinje waliisahau ile Ijumaa upesi kuliko walivyosahau kitunguu saumu, ndiyo maana naandika. Lakini lipo jingine ambalo sikumwambia yeyote, na Tawakali mwenyewe mpaka leo halijui. Siku ile dirishani Bi Mwahija aliniuliza, "Kumbe na Mzee naye alikuwa akinuka?" Nikamjibu, "Ndiyo."

Nilisema uongo. Baba alikuwa hanuki. Jumatatu ya wiki aliyofariki alipumulia kiganja, akakinusa, akanipa nami nikakinusa, na hakikuwa na harufu yoyote ila ya mtu mzee aliyetoka usingizini. Nilitaka kwenda kumwambia kaka kwa furaha kwamba Baba anaweza kurudi msikitini. Baba alinishika mkono, akatazama dirishani uwanja ule, kisha akaweka kidole mdomoni.